Kupika dhoruba upya: kompyuta inavyoichunguza theluji iliyokwisha kuanguka

Novemba, vuli ikishachanganya, kuna asubuhi Moshi inaamka na kukuta Kibo imebadilika sura. Jana yake mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye msitu, mlima hauonekani kabisa. Kukicha yamefunguka, na weupe umeteremka chini kuliko kawaida, unakaribia uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi. Mjini ilinyesha mvua ya kawaida tu, ya kulowanisha mitumba pale Memorial.

Asubuhi ya namna hiyo mjomba wangu alishuka na kundi lake kupitia Mweka. Yeye ni mgumu wa siku nyingi, kaanza kubeba mizigo ya wageni mimi sijaanza shule. Tulikaa kwenye benchi la muuza kahawa karibu na soko la Mbuyuni, akanisimulia usiku wao kwenye kambi ya Barafu: waliamka mara tatu kugonga turubai kwa ndani ili theluji idondoke, maana hema lilikuwa linawalalia usoni. Kiongozi wao alikuwa ameangalia simu walipokuwa kambi ya Karanga, pale mtandao unaposhika kwa kubahatisha. Simu ilisema mawingu kiasi, mvua nyepesi.

"Wewe si ndiye mtu wa kompyuta?" mjomba akaniuliza. "Hebu niambie. Hiyo kompyuta inaujua huu mlima, au inausikia tu?"

Swali hilo halijibiki kwa kikombe kimoja cha kahawa. Kulijibu kunahitaji kwanza kujua kompyuta inautazamaje mlima, halafu kwenda mbali kidogo, hadi Marekani, ambako dhoruba moja ya theluji ya mwaka 2000 iliwaaibisha watabiri na baadaye ikawafundisha mengi kuliko dhoruba walizozipatia.

Kwa kompyuta, anga ni maboksi. Chukua hewa yote inayoizunguka dunia, ikate kwa mistari ya kaskazini kwenda kusini, kisha ya mashariki kwenda magharibi, halafu tabaka kwa tabaka kutoka ardhini kwenda juu. Kila boksi lipe namba chache: joto, mgandamizo wa hewa, unyevu, upepo unakoelekea na kasi yake. Ndani ya boksi moja hakuna huku wala kule. Lote lina joto moja na upepo mmoja. Kwa hiyo upana wa boksi ndio unaoamua kompyuta itaona nini na itapitwa na nini.

Programu nyingi za bure za simuni huchukua namba zake kutoka modeli za dunia nzima, yaani programu kubwa zinazoigiza anga kwa hesabu, ambazo maboksi yake yana upana wa kilometa 10 hadi 25 hivi. Sasa chukua ramani na rula. Kutoka geti la Mweka hadi kilele cha Uhuru, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilometa 16. Mraba wa kilometa 25 unaweza kumeza vyote hivyo kwa mkupuo mmoja: migomba, msitu, jangwa la mawe, na kilele cha mita 5,895. Modeli inatafuta wastani, inapata kilima kipana kisicho na ncha, kisha inatabiri hali ya hewa ya kilima hicho. Simu ya yule kiongozi ilitabiri vizuri tu, ila mlima wake haupo.

Utauliza kwa nini wasikate maboksi madogo. Hesabu yake ni hii. Ukipunguza upana wa boksi kwa nusu, palipokuwa na boksi moja panakuwa na manne. Na kwa kuwa sasa upepo unavuka boksi kwa nusu ya muda wa mwanzo, lazima kompyuta nayo ipige hesabu kwa hatua fupi mara mbili, la sivyo namba zinaparaganyika. Mara nne, tena mara mbili: kazi imekuwa mara nane, na bado hujaongeza tabaka za kwenda juu. Kwa maboksi ya kilometa tatu, hatua ya kawaida ni sekunde 18 hivi. Kutabiri siku moja ni hatua 4,800, na katika kila hatua kila boksi lazima liwasikilize majirani zake wote.

Wanachoambiana maboksi hayo ni fizikia ya sekondari iliyovaa suti. Hewa hutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo, na mzunguko wa dunia unaipindisha njiani. Hewa ikipanda inapoa. Hakuna hewa inayopotea wala kuzaliwa bila chanzo. Mnamo 1904 Vilhelm Bjerknes wa Norway alisema wazi kwamba, kwa kanuni hizo, mtu akiijua hali ya anga ya leo anaweza kuikokotoa ya kesho. Kukokotoa kwenyewe ndiko kulikokuwa balaa.

Aliyejaribu kwanza ni Mwingereza Lewis Fry Richardson. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa huko Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na katika mapumziko yake alikokotoa kwa mkono mabadiliko ya saa sita tu, kwa vipimo vya tarehe 20 Mei 1910. Kazi hiyo ilimchukua kama wiki sita. Jibu lake: mgandamizo wa hewa ungebadilika kwa hektopaskali 145. Ili uone ukubwa wa kosa hilo, ondoa 145 kwenye mgandamizo wa siku ya kawaida, ambao ni 1,013. Unajikuta ndani ya jicho la kimbunga kikali kuliko vyote vilivyowahi kupimwa. Siku yenyewe, Ulaya ya kati, mgandamizo haukutikisika sana. Na kama hilo halikutosha, daftari lake lilipotea vitani, likaja kuokotwa miezi kadhaa baadaye Ubelgiji chini ya rundo la makaa ya mawe.

Ninachompendea Richardson ni kwamba mwaka 1922 alilichapisha jibu hilo bovu kama lilivyo. Miaka mingi baadaye mtaalamu mmoja wa Ireland, Peter Lynch, alirudia hesabu zile kwa kompyuta, akavisawazisha kwanza vipimo vya mwanzo ili upepo na mgandamizo visipingane, na jibu likatoka la kawaida kabisa. Kanuni za Richardson zilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa pa kuanzia. Litunze hilo, tutarudi kwake.

Mwaka 1950 kompyuta ya ENIAC ilifanya utabiri wa saa 24, nayo ikatumia takriban saa 24 kuukamilisha. Yaani ilikimbizana na hali ya hewa yenyewe, bega kwa bega. Leo kazi hiyo ingefanywa na simu yoyote ya bei rahisi iliyoko kiganjani mwa kondakta.

Theluji ina ugumu wake wa pekee. Punje ya theluji ni milimita chache na boksi ni kilometa kadhaa, kwa hiyo hakuna modeli inayoweza kufuata punje mojamoja. Waandishi wa modeli wanafanya kama mama lishe anayepima mchele kwa kopo asihesabu punje: wanaandika kanuni za jumla. Katika boksi lenye unyevu huu na joto hili, kiasi hiki cha mvuke kitakuwa matone, kiasi hiki vipande vya barafu, hiki kitashikana kuwa theluji na kuanguka kwa kasi hii. Kila kundi la wanasayansi lina kopo lake. Ndiyo maana modeli mbili zinazokubaliana kabisa juu ya upepo zinaweza kugombana juu ya theluji.

Na joto lenyewe halina msamaha. Theluji yenye umbo la nyota, ile ya kwenye kadi za Krismasi, hukua haraka zaidi wingu likiwa karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri. Wingu hilohilo likipanda au kushuka kidogo, punje zinakuwa za umbo jingine, na kina cha theluji ardhini kinabadilika. Kanuni ya mtaani kwa watabiri ni kwamba sentimita moja ya maji hutoa sentimita 10 za theluji, lakini ikiwa nzito na yenye maji unaweza kupata tano tu, na ikiwa kavu na nyepesi ikapita 20. Kisha kuna tabaka la hewa vuguvugu linaloweza kujipenyeza katikati: theluji inayeyuka njiani, na kinachofika chini ni mvua, au mvua inayoganda ikigusa barabara. Kwetu mpaka kati ya mvua na theluji umelala ubavuni mwa mlima na kila mtu anauona kwa macho. Kwenye nchi tambarare za kaskazini mpaka huo hupita katikati ya mji, mtaa huu wanasukuma magari, mtaa ule wamevaa makoti ya mvua.

Twende sasa Carolina Kaskazini, Januari 2000. Mwezi huohuo idara ya taifa ya hali ya hewa ya Marekani ilikuwa imezindua kompyuta kubwa mpya kwa mbwembwe zote. Tarehe 24 modeli zake zilionyesha dhoruba inayojengeka pwani ya mashariki, na zikasema mvua na theluji nyingi zitabaki baharini. Watu wa mji wa Raleigh walilala wakitegemea theluji kidogo au wasitegemee kitu. Waliamka na nusu mita. Uwanja wa ndege ulipima sentimita 51.6, rekodi ya mji ule, mji wa kusini ambao theluji si desturi yake. Hadi Washington, mamia ya kilometa kaskazini, wafanyakazi wa serikali walikwama majumbani.

Dhoruba ikipita, imepita. Huwezi kuirudisha ili uangalie vizuri. Mtu wa kemia akiharibu jaribio anaosha chupa anaanza tena; mtu wa hali ya hewa ana anga moja, na tarehe 24 Januari 2000 haiji mara ya pili. Hapo ndipo modeli inapoacha kuwa mganga wa kutabiri na kuwa jiko la maabara. Unakusanya vipimo vyote vya siku ile, hata vile vilivyochelewa kufika, unaipakia modeli, na unaipika dhoruba upya. Na tena. Na tena.

Kanuni ya jiko hili ni moja: kwanza upike chakula kilekile kilichotokea. Theluji ya kwenye modeli ianguke pale ilipoanguka kweli, saa ileile, kwa kiasi kinachokaribia vipimo vya ardhini na picha za rada. Ikikataa, huna la kusema. Ikikubali, sasa unaanza kutoa viungo kimoja kimoja. Pika mtori bila chumvi, ujue chumvi ilikuwa inafanya kazi gani. Pika dhoruba bila mlima fulani, au kwa bahari iliyopoa nyuzi mbili, uone kipi kinaharibika.

Kiungo kilichowashangaza watafiti katika dhoruba ya Raleigh ni joto ambalo halionekani. Ukichemsha maji, moto unaingia ndani ya mvuke na kujificha humo. Mvuke ukigeuka kuwa maji tena mawinguni, joto lile linatoka. Si kidogo: kilo moja ya mvuke inayogeuka maji hutoa joto la kutosha kuchemsha lita saba za maji ya bomba. Sasa fikiria mamilioni ya tani. Mvua inayonyesha si matokeo ya dhoruba peke yake. Nayo inairudishia dhoruba moto.

Asubuhi ya tarehe 24, mbali kusini-magharibi mwa Raleigh, kwenye majimbo ya Georgia na Alabama, kulikuwa na eneo la mvua ambalo modeli hazikulitabiri ipasavyo. Kwa macho ya kawaida halikuwa na uhusiano na theluji ya usiku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, chuo kilichoko Raleigh kwenyewe (nadhani walisukuma theluji mlangoni kabla ya kufika ofisini), walilifuatilia eneo lile. Waligundua kwamba joto lililotolewa na mvua ile liliuvuruga mgandamizo wa tabaka za chini, upepo ukageuka, na unyevu wa baharini uliokuwa uishie kwenye Atlantiki ukasukumwa kuingia nchi kavu, hadi Carolina. Modeli iliyoikosa mvua ya asubuhi haikuwa na njia ya kuipata theluji ya usiku.

Jaribio la namna hii linafanyika kwa kitu rahisi ajabu. Ndani ya modeli kuna swichi. Unaiambia: mvuke uendelee kugeuka maji kama kawaida, ila joto lake lisitoke. Umezima jiko bila kuondoa sufuria. Dhoruba nyingi zilizotisha hubaki vivuli tu zikipikwa bila joto hilo, na hapo ndipo unapojua ni sehemu gani ya ukali wake ilitokana na mvua yake yenyewe.

Kundi jingine, akiwemo Fuqing Zhang pamoja na Chris Snyder na Richard Rotunno, liliuliza swali lililo gumu zaidi. Je, ingewezekana kabisa kuitabiri dhoruba ile? Waliipika mara nyingi, kila mara wakibadilisha kidogo sana hali ya mwanzo, tofauti ndogo ambazo kipimajoto hakizioni. Tofauti hizo zilianza kukua ndani ya mawingu ya ngurumo, kwa muda mfupi, kisha zikasambaa hadi zikaigusa dhoruba nzima. Hata ungekuwa na modeli bora kuliko zote, ungebaki na mashaka yasiyoondoka juu ya nani atapata theluji na nani atakosa.

Hapa ndipo Richardson anaporudi, na pa kuanzia pake. Mwenye kisa maarufu zaidi ni Edward Lorenz. Mwaka 1961 alikuwa na modeli ndogo ya hali ya hewa kwenye kompyuta yake Marekani. Alitaka kurudia sehemu ya hesabu, akaingiza namba kutoka kwenye karatasi iliyochapwa: 0.506. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa kwenye karatasi haikufanana hata kidogo na ya mwanzo. Kompyuta ilikuwa imehifadhi 0.506127, karatasi ikachapa tarakimu tatu. Hizo tatu zilizobaki, ambazo mhasibu yeyote angezitupa, zilitosha kuipeleka anga njia nyingine.

Na vipimo vyetu vya kuanzia vina matundu makubwa kuliko hayo. Mara mbili kwa siku, saa tisa usiku na saa tisa alasiri kwa saa zetu, vituo mbalimbali duniani hurusha puto lenye kipima joto, unyevu na upepo. Ulaya vituo hivyo vimesongamana. Afrika unaweza kuruka kwa ndege saa nzima usivuke hata kimoja. Setilaiti zinaziba pengo, lakini setilaiti inaangalia kwa juu, na mawingu mazito yanaizuia kuona baadhi ya yaliyo chini yake.

Kwa sababu hiyo, vituo vikubwa vya utabiri viliacha kutegemea jibu moja. Kituo cha Ulaya kilichoko Reading, Uingereza, tangu 1992 hupika utabiri mara nyingi kwa mpigo, kila sufuria ikiwa na mwanzo tofauti kidogo. Siku hizi ni mara 51: moja ya mwanzo usioguswa, na 50 zilizobadilishwa kidogo. Zote zikikubaliana, unatangaza kwa sauti. Zikitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, unatangaza kwa unyenyekevu.

Tatizo ni kwamba unyenyekevu hausomeki vizuri kwenye kichwa cha habari. Januari 2015 New York iliambiwa itegemee sentimita 60 hadi 90. Treni za chini ya ardhi zilisimamishwa. Katikati ya mji zikaanguka 25 hivi. Watu walicheka, na mtabiri mmoja wa serikali akaomba radhi hadharani. Lakini kama kilometa 80 mashariki, kisiwani Long Island, kulikuwa na mahali palipopita sentimita 60, na Boston pia. Dhoruba ilikuja kama ilivyosemwa. Ilipita mashariki kidogo ya ilikotarajiwa, na ukingo wake ni mkali kama ukingo wa meza. Baadhi ya utabiri uliopikwa ulikuwa umeuona uwezekano huo. Haukupewa nafasi ya kusemwa.

Sisi pia tuna kisa chetu. Aprili 2021 tulionywa juu ya kimbunga Jobo, nchi nzima ikawa inatazama pwani, na kikafika kimeishiwa nguvu. Vijiwe vilicheka wiki nzima. Nami nilicheka, sitajitenga. Mei 2024 kikaja Hidaya, kikapiga Mafia, na waliokuwa wamezoea kucheka wakanyamaza. Maonyo yote mawili yalikuwa ya haki kwa yaliyojulikana siku ile.

Sasa turudi Kibo, maana mjomba anasubiri.

Kwa mlima kama wetu njia ni kupanga modeli kama masufuria yanayoingiana. Sufuria kubwa la maboksi ya kilometa 27 linashika Bahari ya Hindi na pepo zake. Ndani yake la kilometa tisa, ndani yake la tatu, na la mwisho la kilometa moja au chini ya hapo, linaloutazama mlima peke yake. Modeli moja inayotumika sana kwa kazi hii, WRF, hutolewa bure, na hata Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huitumia. Kumbukumbu za anga ya dunia, saa kwa saa kuanzia 1940, nazo ni bure. Mwanafunzi aliyeko Tengeru mwenye kompyuta nzuri, bando la kutosha na subira anaweza kuipika upya siku yoyote anayoitaka. Umeme ukikatika usiku wa tatu wa hesabu ndipo atakapojua subira ni nini.

Katika sufuria la mwisho mlima unapata ncha yake, na mambo tunayoyajua kwa miguu yanaanza kujitokeza kwenye namba. Pepo zenye unyevu zinagonga mteremko wa kusini na kumwaga mvua nyingi msituni, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kileleni kunafika kidogo sana, na karibu chote ni theluji. Wastani wa joto kule ni kama nyuzi saba chini ya sifuri.

Kuna swali moja ambalo watu wa Kilimanjaro tumelijibu siku nyingi bila kompyuta: barafu ya mlima inaisha kwa nini? Kwamba inaisha halina ubishi. Kati ya 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa takriban asilimia 85. Jibu letu la vijiweni ni kwamba tumekata miti. Thomas Mölg na wenzake waliliweka jibu hilo jikoni. Walipika hali ya hewa ya mlima kwa maboksi madogo, kwanza ardhi ikiwa na misitu yake ya zamani, kisha ikiwa imevuliwa kama ilivyo leo, wakalinganisha kiasi cha theluji na jua linalofika kwenye barafu. Mwaka 2012 walitoa jibu: ukataji miti unagusa mawingu na mvua za miteremkoni, lakini mchango wake katika kuisha kwa barafu ya kileleni ni mdogo. Sababu kubwa inatoka mbali zaidi, kwenye hewa ya ukanda mzima iliyopungukiwa unyevu, habari ambayo mzizi wake uko Bahari ya Hindi.

Barafu ile kwa sehemu kubwa haiyeyuki ikatiririka kama watu wanavyodhani. Jua la ikweta na hewa kavu huigeuza mvuke moja kwa moja. Theluji mpya ndiyo mwavuli wake: ikiwa bado nyeupe hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, wakati barafu kongwe yenye vumbi hunywa sehemu kubwa ya mwanga huo. Usiku uliomnyima mjomba usingizi ulikuwa, kwa barafu, kama mgonjwa kupata drip.

Nilimwambia hayo tulipokutana tena. Ile ya miti ilimkera.

"Kwa hiyo tukate tu?"

"Hapana, mjomba. Msitu ndio unaojaza mifereji yetu ya mifongo. Ila ukitaka kuiokoa barafu ya juu, kupanda miti peke yake hakufiki kule."

Alinyamaza, akageuza kikombe. Alikuwa anapanda tena Alhamisi. Nikamfungulia kwenye simu utabiri wa wale wapishi wa Reading. Kati ya sufuria 50, kumi na moja zilikuwa zinaleta mvua kubwa usiku wa kufika Barafu, na huko juu mvua kubwa ni theluji.

"Yaani katika kundi la watu hamsini," akasema, "kumi na moja ndio hema linawalalia?"

"Hapana. Likija linawalalia wote hamsini. Nafasi ya kuja ndiyo kumi na moja kwa hamsini."

Alilifikiria hilo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akamlipa muuza kahawa, za wote wawili, akavuka barabara kwenda kuuliza bei ya kamba.